Kipande cha Tatu

Magdalene ndiye aliyekipasua. Mtu akitafuta wa kulaumiwa aanze na yeye, ingawa mwenyewe mpaka leo atakuambia kwamba kitabu cha kurasa mia tano na kitu hakiwezi kusomwa na wanawake watatu bila wawili kati yao kuzeeka wakingoja. Alikinunua nyuma ya soko, hapo Thika, kwa mzee mmoja aliyetandaza vitabu vya mitumba juu ya gunia. Hakikuwa na jalada wala ukurasa wa jina. Kilianza tu na upepo, na mlima, na msichana ndani ya gari la farasi. Akaja nacho kiwandani Jumatatu saa ya chai, akachukua wembe wa kukatia nyuzi, akakilaza kifudifudi juu ya meza ya pasi, na kabla Zainab hajamaliza kusema, "Wee Magdalene, usithubutu," kitabu kilikuwa vipande vitatu.

"Nikimaliza cha kwanza nampa Wakonyo," akasema Magdalene. "Wakonyo akimaliza anakupa wewe. Hakuna mtu kumkalia mwenzake. Ama mnataka tungojane kama maji ya mfereji?"

Usidhani ilikuwa ajabu. Hapo kiwandani vitabu vyote vinono vilisomwa hivyo. Kazi yao ilikuwa sweta za shule, za maruni, za kijani, za bluu, mwaka mzima sweta, na mtu akishona kola mia mbili kwa siku anahitaji kitu cha kufikiria kisichokuwa kola. Kwa hivyo walipasua na kupitishiana, na kanuni ilikuwa moja tu: aliye mbele hasemi. Ukisoma ukajua fulani amekufa, funga mdomo, na uso wako pia uufunge. Anayeambiwa kwa nguvu ana ruhusa ya kuziba masikio na kuimba mpaka mwenye maneno achoke. Na aliyetoboa siri hununulia meza nzima mandazi wiki moja. Magdalene alikuwa ameshanunua mandazi mara tatu mwaka huo, maana mdomo wake hauna breki.

Zainab alikuwa wa mwisho kwenye foleni kwa sababu alisoma polepole. Kiingereza chake kiliishia darasa la saba, na mtu wa darasa la saba akikutana na nyumba ya mawe yenye vyumba arobaini, minara, na mishumaa isiyozimika, lazima apumzike njiani. Lakini alipenda kusoma, jamani, alipenda mpaka mumewe Swaleh alikuwa akimwambia, "Siku moja utatumbukiza kitabu kwenye sufuria, utugeuzie ugali." Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mama wa watoto wawili, anayekaa nyumba ya kupanga huko Kiganjo, na hajawahi kuona theluji hata kwenye friji, maana friji hakuwa nayo. Lakini ukimpa ukurasa wenye theluji, anajifunga leso.

Aliyemsaidia kusoma ni Wakonyo. Huyu alitoboa matundu ya vifungo kwenye mashine ya pembeni yake, miaka sita sasa, bega kwa bega. Wakonyo alifika kidato cha pili, akawa ndiye mwalimu. Hakumfundisha kwa mdomo, maana kanuni ingevunjika. Alimfundisha kwa penseli. Kipande kikipita mikononi mwake kilitoka na maandishi madogo pembezoni, yote kwa ajili ya Zainab. Kando ya neno lililomshinda mtu hata kulitamka, aliandika: "Ni taa ya kuning'inia, kama ya kanisani lakini ya matajiri." Mahali pengine: "Hili neno ni uchungu wa kukumbuka kwenu." Na pengine hapakuwa na neno gumu hata kidogo, ameandika tu: "Zainab, hapa simama, uvute pumzi." Magdalene alilalamika kwamba hiyo ni kusema mambo ya mbele kwa njia ya panya. Wakonyo akamjibu kwamba kuvuta pumzi si siri.

Na hadithi yenyewe, wee! Msichana anaitwa Ilsabet, binti wa mhubiri maskini. Anaolewa na Bwana Calder, mwenye ile nyumba ya mawe juu ya genge. Mume mzuri, mpole, mwenye macho ya huzuni, ila siku ya kwanza anapita mbele ya dirisha na jua limewaka, na Ilsabet anaona kwamba hana kivuli. Kumbe alikiuza. Ndugu yake mdogo alikuwa anakufa kwa baridi, akakiuza kwa Malkia wa Theluji ili mtoto apone, na tangu hapo kila mwaka malkia anarudi kuchukua kitu kingine. Mwaka wa pili alichukua kicheko chake. Mwaka wa tatu akachukua sura ya mama yake, asiikumbuke tena. Mwaka wa saba Bwana Calder atageuka jiwe, awekwe bustanini pamoja na baba zake, wote wamesimama pale wakimwagiwa mvua.

"Ati vyumba arobaini," Wakonyo alisema siku ile waliyokuwa wamemaliza wote kipande cha kwanza, kwa hivyo ruhusa ya kuongea ilikuwepo, "na hana hata mpangaji mmoja!"

"Angewapangishia watu wa Kiganjo," akasema Magdalene. "Kelele za watoto pekee zingemfukuza huyo malkia."

"Huyo mume ana jini," akasema Zainab. "Angesomewa tu, yaishe. Lakini anavyompenda huyo msichana! Anasimama nje ya mlango wake usiku kucha, hagongi."

"Wangu hata akigonga simfungulii," akasema Magdalene, na wakacheka mpaka Mbuvi, supavaiza wao, akaja kuuliza kama sweta zina utani.

Hiyo ilikuwa Septemba. Wakonyo alikuwa na kikohozi tangu Agosti, lakini nani hakuwa na kikohozi pale, na zile nywele za uzi zikielea hewani siku nzima? Oktoba akaanza kukonda. Mvua zikaja, zile mvua za mwaka wa tisini na saba ambazo kila aliyekuwa Kenya anazikumbuka, zilinyesha kana kwamba kuna mtu amesahau kufunga. Katikati ya Novemba Wakonyo akaomba ruhusa. Alikuwa anaenda kukaa kwa mama yake huko Mwihoko, karibu na Githurai, siku chache tu, kifua kitulie. Magdalene alikuwa ameshamaliza kitabu zamani, kwa hivyo kipande cha tatu kilikuwa cha Wakonyo. Aliondoka nacho kwenye mkoba, na kile cha pili akamwachia Zainab.

"Ukimaliza hicho kabla sijarudi utaumia," akamwambia.

"Nitakwenda pole."

"Huwezi. Nakujua."

Walikumbatiana hapo kwenye geti. Zainab alihisi mbavu za mwenzake chini ya sweta, akashtuka. Alijiambia atakwenda kumwona Jumamosi.

Jumamosi mvua ilinyesha. Jumamosi iliyofuata wakawekwa kazini mpaka jioni, maana shule zinafungua Januari na kila mwenye duka anataka sweta. Na Mwihoko yenyewe wakati huo, mtu akikuambia amefika bila kuacha kiatu kwenye matope alikuwa anakudanganya. Sababu zilikuwa za kweli. Lakini tusidanganyane sisi kwa sisi: zile mbavu alizozishika pale getini ndizo zilizokuwa zikimzuia. Aliogopa. Mtu akiogopa, matope hutosha kuwa sababu.

Na kile kipande cha pili kiliisha kama alivyoambiwa. Kiliisha vibaya. Wembe wa Magdalene haukujali sentensi. Ilsabet amepanda ngazi za mnara na mshumaa wake, amefika kwenye kile chumba alichokatazwa, chumba ambamo kuna saa inayohesabu miaka ya Bwana Calder. Ameweka mkono kwenye kitasa. Na nyuma ya mlango kuna mtu. Maneno ya mwisho ya ukurasa yalikuwa, "na sauti aliyoijua vizuri kuliko zote ikasema," halafu basi, uzi wa gamu na ukingo uliokatwa.

Ikasema nini? Zainab alikwenda na swali hilo chooni na sokoni. Alikwenda nalo mpaka kwenye mkeka wa kuswali, Mungu amsamehe. Sauti gani hiyo? Ya Bwana Calder? Ya baba mhubiri? Magdalene alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu anayeuma ulimi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafaulu kunyamaza.

Wakonyo alikuwa na kaka yake, Kagwe, dereva wa lori la mawe ya kujengea, ambaye alipita Thika mara mbili tatu kwa wiki. Zainab akawa anamvizia barabarani. Mara ya kwanza aliuliza vizuri, anaendeleaje, anakula, dawa anameza? Kagwe akasema anajaribu. "Na kile kitabu?" akaongeza. Mara ya pili aliuliza kwa kifupi, akaongeza kwa kirefu: "Mwambie Ilsabet ameniganda mlangoni. Mwambie nitakufa mimi kabla yake." Kagwe alicheka. Akafikisha ujumbe. Wakonyo pia alicheka, na kucheka kukamletea kikohozi kilichodumu mpaka jioni, lakini hilo Kagwe hakulisema kwa mtu.

Ijumaa ya kwanza ya Desemba, saa ya lanchi, askari wa geti akamwita Zainab, "Mama Zuhair! Kuna mtu wako hapa."

Kagwe alikuwa nje na gambuti zilizojaa matope, lori linanguruma nyuma yake, limeziba njia. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi wa unga, umekunjwa mara mbili.

"Umeniletea?" akasema Zainab.

Hilo ndilo lililomtoka kwanza. Hakumwuliza habari za nyumbani, wala mgonjwa ameamkaje. Aliupokea ule mfuko kwa mikono miwili, akaufungua hapo hapo, akaona ukurasa wa kwanza, na maneno ya kwanza ya ukurasa, akaukunja haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu. Asisome amesimama! Hii ilitaka kukaliwa.

"Sasa," akasema Kagwe, "Wakonyo amenituma nikwambie, huo mwisho—"

"Koma!"

"Hapana, sikiza kwanza. Amesema huo mwisho wa hiyo stori—"

"Kagwe! Wewe mtoto wa watu, usinifanyie hivyo! Nimengoja wiki tatu!" Akabana mfuko kwapani, akaziba masikio kwa vidole, akaanza kuimba, la-la-la, akicheka na kurudi nyuma, macho ameyafumba. Askari wa geti naye akacheka. Kagwe alifungua mdomo mara nyingine, akainua mkono. Nyuma yake pikapu ikapiga honi, na nyingine ikapiga honi, na kengele ya kumaliza lanchi ikalia. Akatikisa kichwa, akapanda lori lake, akaondoka. Zainab alimpungia mkono.

Kama angemwachia maneno kumi tu! Ujumbe wenyewe ulikuwa huu: huo mwisho usiusome peke yako, njoo nao kesho, macho yangu yamekuwa mazito na siwezi kushika karatasi, njoo unisomee, tuusome pamoja. Wakonyo alikuwa amesoma kurasa arobaini za kipande cha tatu akashindwa. Kagwe alijaribu kumsomea, lakini Kagwe anasoma kama polisi anayeandika taarifa, na Wakonyo akamwambia bora asijue kuliko kusikia Bwana Calder anapendwa hivyo. Akasema atamngoja Zainab. Ndiyo sababu alitoa kile kipande. Hakukirudisha. Alikituma kikamlete rafiki yake.

Zainab alifanya kazi mchana ule na mfuko wa unga miguuni, akiugusa kwa kiatu.

Jumamosi walitoka saa saba. Akapita dukani, akanunua mafuta ya taa na nusu mkate, akafika nyumbani mvua ikianza. Swaleh alikuwa gereji, Zuhair na Muna wako kwa nyanya yao. Akakaa kitandani, akafunika miguu kwa blanketi, akafungua.

Sauti nyuma ya mlango ilikuwa ya Ilsabet mwenyewe.

Zainab alisema "Wee!" kwa nguvu hadi jirani akaitika upande wa pili wa ukuta. Sauti yake mwenyewe! Ndani ya chumba kile amekaa mwanamke mzee, mweupe kichwa, na mikono yake ina kovu lile lile la Ilsabet la kuungua na mshumaa. Ni yeye, ila akiwa na miaka themanini. Anamwambia: ukitaka kusimamisha hii saa, utatoa nusu ya miaka yako, na mimi ndiyo hiyo nusu. Mimi sitakuwepo. Niangalie vizuri kwanza.

Alisoma mpaka mwanga ukaisha, akawasha taa, akapika, akala, hakumbuki alikula nini. Maandishi ya penseli yalikuwa bado yanamshika mkono. "Hili neno ni shuka la kumzikia mtu." "Hapa polepole." Halafu, kurasa chache mbele ya hapo, penseli ikakoma. Zainab alifunua karatasi moja, ya pili, ya tano, pembezoni ni peupe. Na unajua aliwaza nini? Aliwaza: kumbe panapendeza hivi, hadi Wakonyo amesahau penseli! Akatabasamu. Akaendelea kubahatisha maneno magumu peke yake, na kwa kuwa alikuwa amefundishwa vizuri, mengi aliyapata.

Jumapili baada ya kufua alimaliza. Alisoma kurasa thelathini za mwisho ameegemea mlango, mvua inapiga mabati, na sijui kama aliwahi kuwa na saa mbili tamu kuliko hizo maishani. Ilsabet alikaa chini na yule bibi kizee ambaye angekuwa yeye, wakazungumza kutwa nzima, akamwomba msamaha kwa kutomwacha aishi. Bibi akamsuka nywele. Halafu Ilsabet akainuka, akaisimamisha saa kwa mkono wake, na kiti cha bibi kikabaki kitupu. Nje, Bwana Calder amesimama kwenye theluji akingoja kuwa jiwe, na kitu cheusi kikaanza kutambaa miguuni pake. Alidhani ni maji. Kilikuwa kivuli chake kinarudi. Akacheka, kicheko cha miaka mingi, mpaka kunguru wakaruka kutoka minarani.

Zainab alilia kwa raha. Alipangusa uso na ncha ya leso, akarudi ukurasa wa kicheko, akausoma tena, akalia tena. Swaleh aliingia akamkuta hivyo.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa! Hilo ndilo jambo lenyewe, hakuna aliyekufa!" Akamsimulia yote, Swaleh amesimama na kiatu kimoja mkononi. Mwisho akasema, "Jumamosi hii nakwenda Mwihoko, matope au si matope. Lazima niongee na Wakonyo juu ya yule bibi. Siwezi kuongea na Magdalene, Magdalene atasema bibi angepewa pensheni."

Swaleh akamwuliza, "Na hali yake vipi, huyo Wakonyo?"

Zainab akafungua mdomo, akagundua kwamba hajui.

Jumatatu asubuhi Kagwe alikuwa kwenye geti bila lori. Amevaa koti la suti na gambuti zile zile. Zainab alimwona kutoka mbali, na mtu huwa anajua, hata akijifanya hajui. Alipunguza mwendo. Magdalene alikuwa ameshafika, amesimama kando ya Kagwe, amenyamaza. Magdalene kunyamaza ndiko kulikomwambia yote.

"Jana," akasema Kagwe. "Jioni, saa kumi na moja."

"La. La, Kagwe."

"Pole, Mama Zuhair."

"Mbona hukuniambia ni mgonjwa hivyo? Si ulikuwa hapa Ijumaa! Ulisimama hapa hapa!"

Kagwe alimtazama usoni. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu angekuwa nayo. "Nilikuwa nakwambia," akasema. "Ulikataa."

Ndipo akamwambia ule ujumbe, neno kwa neno, kama alivyopewa. Zainab alisikiliza wote, mikono yake imening'inia tu. Safari hii hakuwa na pa kuziba.

"Na kuna ingine," akasema Kagwe, akashusha macho. "Nikifika nyumbani Ijumaa aliniuliza, umemwambia? Nikaona nitasema nini? Nitasema rafiki yako amekuwa akiimba la-la-la? Nikamwambia ndiyo, amesema atakuja. Jumamosi akaamka akasema nipanguswe uso, Zainab anakuja. Akawekewa mto. Jumapili vilevile. Tulikuwa tunamwambia ni mvua." Akageukia barabara. "Ningejua ni hizo siku mbili tu, ningerudi na lori nikubebe."

Zainab akahesabu bila kutaka. Jumapili saa kumi na moja. Saa hiyo alikuwa ameegemea mlango anausoma ule ukurasa wa kicheko mara ya pili.

Wakamzika Alhamisi huko Kalimoni, kwenye shamba la babu yake, karibu na mahindi yaliyolala kwa maji. Mbuvi alitoa ruhusa kwa wanne tu. Zainab alivaa buibui na viatu vya plastiki vya kuazima kwa jirani, akashikana mkono na Magdalene kwenye utelezi. Walisikiliza mhubiri, wakasikiliza nyimbo za Kikuyu ambazo Zainab hakuzijua, akarudisha kila kiitikio kwa midomo tu. Kaburi lilikuwa linajaa maji na vijana walikuwa wanayachota kwa ndoo. Alipoona ile ndoo alilia kwa sauti, bila haya, watu wakageuka. Wengine walijiuliza huyu Mwislamu ni nani wa marehemu.

Baadaye watu wakapewa chakula chini ya turubai. Mama yake Wakonyo akawa anatembea kati ya viti, mzee mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani, akisalimia mmoja mmoja. Akafika kwa Zainab, akamwuliza Kagwe kwa Kikuyu, Kagwe akajibu, naye akaketi kwenye kiti cha pembeni na kumshika mikono yote miwili.

"Kumbe ni wewe Zainabu."

"Ni mimi, mama. Mama, nisamehe. Mimi—"

"Wacha. Hiyo matope mimi mwenyewe ilinishinda." Akamtazama usoni kwa makini, kama anayetafuta kitu alichoambiwa kiko hapo. Kagwe alikuwa amesimama nyuma ya kiti, anatazama sahani yake. Alikuwa hajamwambia mama yake kitu juu ya yale ya getini.

"Ile kitabu," akasema mama. "Wewe ulisoma ukamaliza?"

"Nilimaliza, mama."

"Lini?"

Zainab angeweza kusema jana. Angeweza kusema bado. "Jumapili," akasema.

"Aah. Hata yeye Jumapili alikuwa anaiongea. Aliniuliza, maitu, mama, unadhani huyo bwana atapona? Mimi nikamwambia sijui kusoma, ngoja Zainabu." Akasogea karibu. "Alipona?"

"Alipona, mama. Kiliisha vizuri."

"Hakuna mtu alikufa?"

"Hakuna."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya turubai, na wanawake walikuwa wanasogeza sufuria. "Na wewe," akasema, "ulifurahi?"

Zainab alitaka kusema hapana. Alimtazama Kagwe, naye Kagwe akaangalia kando. Kama kuna kitu angeweza kumpa mama huyu ni ukweli mmoja, na ukweli aliokuwa nao ulikuwa huo tu.

"Nilifurahi, mama," akasema. "Nilifurahi sana."

"Basi ni vizuri," akasema mama, akampigapiga mikono. "Huyu mtoto alikuwa ananiambia, maitu, mimi hata si hiyo stori nataka. Nataka kumuona Zainabu akifika hapo mwisho."

Akainuka kwa kushikilia bega la Zainab, akaenda kwa mgeni mwingine.